Viazi Katika Chumba cha Anatomia

Walipopima walinipa kipande cha karatasi
chenye namba ya kigingi: B kumi na saba.
Hapo ndipo lilipoanzia shamba la mama yangu,
na hapo, wakasema, kitakaa chumba cha anatomia.
Nikauliza anatomia ni mdudu gani.
Kijana wa vipimo, Rugemalira, akacheka kwa adabu:
"Ni kumsoma mtu, mama, mfupa kwa mfupa."
Nikamwambia udongo huu wa Buchosa umekwisha kusoma wengi,
ila haujawahi kutoa cheti.

Tulikubali. Kwa nini tusikubali?
Daktari wetu wa kwanza alikimbia mbu.
Wa pili alikimbia giza.
Wa tatu alipendwa, na kupendwa kukamponza:
wakampandisha cheo, wakamhamisha.
Wa mwisho alikaa wiki sita,
akaacha kandambili moja na kalenda ya benki
iliyogoma mwezi wa Aprili.
Mwalimu Ng'wandu akasimama mkutanoni, dagaa wakinuka mabegani mwa watu:
"Mgeni hata ukimchinjia, Jumatatu atauliza kivuko.
Wafundishwe hapa hapa.
Mtu aijue njia ya Nyakaliro gizani
kabla hajajua jina la ugonjwa kwa Kilatini."

Fungu la kwanza lilikuja na vumbi.
Kokoto, kofia za njano, mwamba wa bibi zetu
ukapasuliwa siku tatu, kuku wakaacha kutaga.
Wakamwaga zege hadi usawa wa goti langu.

Kisha kimya.

Kimya cha serikali si kama kimya cha ziwa.
Ziwa likinyamaza, unajua linapumua.
Diwani alisema kasma imefungwa.
Wilayani wakasema mwaka wa fedha umekwisha,
kana kwamba mwaka ni gunia la unga.
Nikavuka hadi Mwanza kufuata fidia yangu;
dada mmoja nyuma ya kioo akaniambia mfumo uko chini.
Nikainama kuutazama.

Mvua za vuli hazikusubiri idhini.
Mle ndani ya msingi, kati ya kuta fupi,
udongo ulikuwa umechimbuliwa, laini, mbuzi hawaufikii.
Na mimi mtu wa jembe, ningelalaje?
Ramani aliniachia Rugemalira, nikaifuata bila kukosea:
maabara, karanga;
maktaba, kunde;
ofisi ya mkuu wa chuo nikaipa maboga,
kwa sababu maboga hupenda nafasi.
Chumba cha anatomia nikaweka viazi, kwa heshima ya mama.

Jumanne moja, mwezi wa pili, malori yakarudi.
Rugemalira akashuka, amenenepa kidogo.
"Mama Nkwimba, fedha zimetoka!"
Nikamwambia viazi bado wiki mbili.
Akatazama saa, akatazama matandu, akamtazama mkandarasi.
Mkataba ulikuwa na kurasa tisini;
hakuna hata mstari mmoja uliotaja viazi.
Wakaanzia hosteli.
Wiki mbili nzima, serikali ilinisubiri mimi.

Siku ya kuvuna mafundi waliweka chini karai wakanisaidia.
Viazi vilitoka na maumbo ya ajabu:
kimoja kama kisigino, kingine kama nyonga,
kimoja kimekunjwa kama ngumi ya mtoto mchanga.
Vijana wakavipanga juu ya zege, kichwa hadi unyayo,
wakabishana mbavu ni ngapi,
wakamwita Rugemalira aamue. Hakujua.
Tukala darasa lile kwa chumvi.
Lililobaki nililikata michembe.

Sasa kuta zimenipita kimo.
Naambiwa madirisha yanategemea fungu la tatu.
Fidia yangu bado.
Karatasi ninayo, nimeibana ndani ya ile kalenda,
na mbegu nimezihifadhi kivulini, zenye unyevu,
kwa sababu bajeti naifahamu sasa
kama ninavyofahamu mvua.